Dawa za kuchangamsha juu ya dawa za sonona: zatumika lini?

Sonona ni ile huzuni nzito inayomkaa mtu wiki mbili na zaidi, ikamnyima hamu, usingizi na nguvu. Hutibiwa kwa mazungumzo na mshauri, kwa dawa, au kwa vyote viwili. Dawa zinazoandikwa sana hapa Kenya ni fluoksetini na amitriptilini, nazo huchukua wiki kadhaa kabla ya mgonjwa kuona tofauti. Wengi hupata nafuu ya nusu tu. Utafiti mkubwa wa Marekani uitwao STAR*D ulikuta kwamba thuluthi moja hivi ya wagonjwa ndio waliopona kabisa kwa dawa ya kwanza.

Kwa hawa wa nafuu ya nusu, madaktari wengine huongeza dawa ya kuchangamsha mwili, kama vile metilfenideti, ambayo wengi waijua kwa jina la Ritalin. Ilibuniwa mwaka 1944, na kazi yake kubwa leo ni kuwasaidia watoto na watu wazima wasioweza kutulia na kumakinika. Huzidisha dopamini na noradrenalini kwenye ubongo. Nguvu yake huonekana ndani ya saa moja, na kidonge cha kawaida huisha nguvu baada ya saa nne hivi.

Mimi ni Mpwani ninayeishi Litein, Kaunti ya Kericho, ambako mchuma majani chai hulipwa kwa kilo. Hapa uchovu si jambo dogo: asiyeamka alfajiri hana cha kupima. Jirani yangu mmoja alitumia dawa za sonona miezi kadhaa. Kilio kilikatika, chakula kikapita, lakini mwili ukakataa kuinuka. Aliposikia kuna dawa ya kuamsha mwili akaiomba. Daktari hakumpa. Alimpima kwanza, akakuta ana upungufu wa damu, akatibu hilo. Huo ndio utaratibu ninaoupenda, maana uchovu unaobaki waweza kuwa wa damu, wa tezi ya shingo, wa usingizi mbaya, au wa dawa yenyewe. Amitriptilini, kwa mfano, hulewesha usingizi.

Ushahidi wa kuongeza dawa hizi nao si mzito. Mwaka 2015 watafiti wa California walichapisha matokeo ya wazee 143 wenye sonona: waliopewa metilfenideti pamoja na sitalopramu walipata nafuu zaidi kuliko waliopewa moja peke yake. Lakini mwaka mmoja kabla, kampuni ya Shire iliacha mpango wa kutumia lisdeksamfetamini kama nyongeza ya matibabu ya sonona, baada ya majaribio mawili makubwa kushindwa kuonyesha faida. Majaribio mengine yaliona uchovu na uzito wa kutenda ukipungua huku huzuni ikibaki pale pale. Kwa hiyo ni dawa ya mgonjwa maalumu, chini ya daktari wa akili.

Sasa nije kwetu. Najua kuna anayesoma akisema, mbona mimi nina miraa yangu? Ni kweli miraa na muguka zina kathinoni, ambayo ni ndugu wa amfetamini. Lakini kidonge kina kipimo, kitita hakina. Na handasi inapoisha huja unyonge na kukosa usingizi, yaani yale yale yaliyompeleka mtu hospitali. Serikali za Mombasa na Kilifi zilipopiga marufuku muguka Mei 2024, mjadala ulikuwa wa biashara na siasa na mahakama. Sikusikia wengi wakimuuliza mtafunaji kama anatumia dawa za sonona. Daktari anahitaji kulijua hilo, kwa sababu kichangamshi juu ya kichangamshi hupandisha presha na kuuendesha moyo mbio.

Daktari aelezwe pia kama kuna ugonjwa wa moyo, presha isiyotulia, historia ya uraibu, au vipindi vya furaha kupita kiasi ambapo mtu halali na hachoki. Mwenye vipindi hivyo aweza kupandishwa wazimu na dawa hizi. Zikichanganywa na dawa za sonona za kundi la zamani linalozuia kimeng'enya cha MAO, presha hupanda kwa kiasi cha kuua. Zimo katika orodha ya mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971, hivyo anayekuuzia bila cheti anavunja sheria.

Jambo la Ramadhani huulizwa sana. Kidonge cha kuchangamsha hakifai kuhamishiwa baada ya futari, kwani kitaondoa usingizi wa usiku mzima. Ongea na daktari Shaabani, mapema, apange kama kitamezwa wakati wa daku au kitasimamishwa kwa muda. Ile dawa kuu ya sonona usiiache ghafla kwa sababu ya saumu. Nyingi zamezwa mara moja kwa siku, na saa yake yaweza kusogezwa usiku.

Aliye Mombasa aulize kitengo cha afya ya akili cha Port Reitz. Sisi wa huku bara hupelekwa hadi hospitali ya rufaa ya Moi, Eldoret.