Mpaka wa Tunduma na Mabadiliko ya Nguvu za Mataifa Makubwa

Methali yetu husema kwamba wapiganapo tembo, nyasi ndizo ziumiazo. Katika makala hii fupi twakusudia kuchunguza kama methali hiyo yatosha kueleza historia ya Tunduma, mji wa mpakani katika Mkoa wa Songwe. Mchungaji anayehudumu huko hukutana na siasa za dunia karibu na mlango wa kanisa: malori ya shaba, reli iliyojengwa na Wachina, na waumini wenye jamaa Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Je, taifa dogo laweza kuwa na sauti yake kati ya wakubwa wanaoshindana?

Awali ya yote, mpaka wenyewe ni tunda la mashindano hayo. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia sahihi mkataba mjini Berlin. Ujerumani ilipata kisiwa cha Heligoland, nayo Uingereza ikaruhusiwa kuiweka Zanzibar chini ya ulinzi wake. Mstari kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika ulipangwa ili barabara ya Stevenson, iliyokusudiwa kuunganisha maziwa hayo, ibaki upande wa Waingereza. Wanyamwanga hawakuulizwa, walijikuta chini ya tawala mbili. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Tanganyika ilikabidhiwa kwa Uingereza chini ya udhamini wa Shirikisho la Mataifa. Wamisionari Wajerumani waliondolewa, na sharika changa za nyanda za juu kusini zikategemea sana walimu na wazee Waafrika. Hadi hapo methali yetu yasema kweli.

Hata hivyo, miaka ya 1960 yatufundisha jambo lingine. Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya walowezi ya Ian Smith ilijitangazia uhuru huko Rhodesia. Zambia, ambayo shaba yake ilisafirishwa kwa reli kupitia huko, ikabanwa. Desemba mwaka huo Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza, ikapoteza mkopo wa pauni milioni 7.5 uliokuwa umeandaliwa. Mapema mwaka huohuo Ujerumani Magharibi ilikuwa imeondoa msaada wake wa kijeshi kwa sababu ya uhusiano wetu na Ujerumani Mashariki, naye Mwalimu Nyerere akakataa kunyenyekea.

Tanzania na Zambia zilikuwa zimekwisha kuamua kwamba zinahitaji reli. Benki ya Dunia ilikuwa imeona haitalipa. China ilikubali: mkataba ukatiwa sahihi Beijing mwaka 1967, kwa mkopo usio na riba. Reli ya kilometa 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilifika Tunduma mwaka 1973 na kukabidhiwa rasmi Julai 1976. Marekani nayo ilisaidia ujenzi wa barabara kuu ya kwenda Zambia, na Waitalia wakajenga bomba la mafuta lililokamilika mwaka 1968. Waliokuwa wakishindana wao kwa wao walijikuta wakitumikia haja tuliyoichagua sisi.

Hatuna budi kukiri kwamba huo haukuwa upendo mtupu. China ilikuwa ikishindana na Marekani na Urusi ya Kisovieti kwa pamoja, na ilihitaji marafiki. Mwaka 1971 kura za Afrika ziliisaidia kupata kiti chake katika Umoja wa Mataifa. Aidha, reli haikudumu katika nguvu zake. Mwaka 1978 Zambia ilifungua tena njia ya kusini. Na Afrika Kusini ilipokombolewa mwaka 1994, sababu ya kisiasa ya reli ilikuwa imekwisha. Madeni na uchakavu vikabaki, na mizigo mingi ikahamia kwenye malori.

Sasa mashindano yamerudi juu ya shaba ileile. Marekani na Ulaya zimeunga mkono reli ya Lobito nchini Angola, na Septemba 2024 Tanzania, Zambia na China zilitia sahihi Beijing hati ya makubaliano ya kuifufua TAZARA. Swali la 1967 limerudi nalo: ni nani ameamua kwanza tunachokihitaji?

Katika Isaya 31 Yuda, kwa hofu ya Ashuru, yaenda Misri kutafuta farasi. Nabii hakemei kuwa na majirani; akemea kuwaweka majirani mahali pa Mungu. Kwa hiyo mhubiri asilifanye taifa lolote kubwa kuwa mwokozi, wala asilifanye kuwa shetani. Kazi yake ni kuwasaidia waumini waulize: deni litalipwa na nani, kwa muda gani, na mama anayeuza mchele pale mpakani atapata nini? Taifa lisilouliza hayo huwa nyasi kweli, hata kama tembo wanaolizunguka wanaitwa marafiki.