Paka Aliyeanguka Kutoka Ghorofa ya Kumi

Kuna vitabu vya upelelezi ambavyo watu huvicheka kabla hata ya kuvifungua. Jalada lina paka, kikombe cha chai, pengine dirisha lenye pazia la maua. Mtu anauawa, ndiyo, lakini damu huioni. Hakuna anayetukana, hakuna anayevuliwa nguo, na ukifika ukurasa wa mwisho muuaji ameshikwa na paka amepewa samaki. Kwa Kiingereza aina hii inaitwa cozy. Hapa nitaiita upelelezi mtulivu, ingawa mbele kidogo utaona jina hilo nalo linadanganya.

Linadanganya kwa sababu tawi la paka, lile lililojaza rafu za maduka ya vitabu Marekani kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, halikuanza kwa utulivu. Lilianza na paka wa kweli aliyekufa kifo kibaya, na mwenye paka akakosa pa kupeleka kesi.

Mwenye paka aliitwa Lilian Jackson Braun. Alizaliwa 1913 na maisha yake yote alikula kwa kalamu. Kwanza aliandika matangazo ya maduka makubwa ya Detroit. Kisha, kwa takriban miaka 30, alikuwa kwenye gazeti la Detroit Free Press akihariri kurasa za nyumba na maisha mazuri: fanicha, mapazia, picha za ukutani. Katika magazeti ya enzi hizo kurasa za aina hiyo ndizo walikopangiwa wanawake, huku stori za polisi na mahakama zikibaki na wanaume.

Alikuwa na paka wa aina ya Siamese. Siku moja paka huyo akaanguka kutoka dirisha la ghorofa ya kumi, akafa. Kukawa na shaka kwamba hakuanguka bali alisukumwa. Braun alieleza baadaye kwamba jambo hilo lilimletea jinamizi usiku, na kwamba aliandika ili kulitoa kichwani.

Hebu hamisha kisa hicho ukilete Nairobi. Unaishi kwenye ploti Roysambu au Pipeline, ghorofa ya sita, na landilodi alishasema mapema kwamba hataki wanyama. Asubuhi moja paka wako anapatikana chini, kando ya pipa la taka, amekufa. Unamjua jirani ambaye hakumpenda. Utaenda wapi? Sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama ipo, Sura ya 360. Lakini kutoka kwenye kitabu cha sheria hadi kwenye dawati la OB ni mbali, na ukifika hapo jitayarishe kuulizwa swali la neno moja: "Paka?" Ukishaulizwa hivyo, jibu umeshapewa.

Braun naye hakuwa na OB. Alichokuwa nacho ni taipureta. Aliandika hadithi fupi, The Sin of Madame Phloi, iliyotoka mwaka 1962 katika jarida la Ellery Queen's Mystery Magazine. Ndani yake jirani anamuua paka mchanga na mama wa paka huyo, Madame Phloi, analipiza. Tazama hilo jina: "dhambi" ya Madame Phloi. Mwandishi alijua kabisa kwamba anachokiandika ni kisasi, wala hakukipaka sukari.

Ili kuelewa alichokibadilisha, lazima turudi nyuma zaidi ya miaka mia moja, kwa Edgar Allan Poe. Wengi humhesabu Poe kuwa baba wa hadithi ya upelelezi, kwa sababu ya The Murders in the Rue Morgue ya 1841. Miaka miwili baadaye, 1843, akatoa The Black Cat. Humo mlevi mmoja anamtoboa paka wake jicho kwa kisu kidogo, kisha anamnyonga mtini. Anakuja paka wa pili, anayefanana na yule wa kwanza. Mlevi anataka kumuua huyo kwa shoka, mkewe anaushika mkono wake, naye anamuua mke na kuuficha mwili ndani ya ukuta. Polisi wanakuja, hawaoni kitu. Muuaji anajigamba, anaugonga ukuta, na kutoka ndani kunasikika kilio. Alikuwa amemjengea paka humo humo, pamoja na maiti.

Kwa hiyo paka ndiye aliyefichua uhalifu. Lakini aliufichua kwa kuteswa. Kazi yake ilikuwa kupiga kelele akiwa amezikwa hai.

Ajabu ni kwamba Poe mwenyewe alimpenda paka wake. Alikuwa na mmoja jike aliyeitwa Catterina. Katika majira ya baridi ya 1846, mkewe Poe, Virginia, alikuwa akifa kwa kifua kikuu katika nyumba ndogo ya Fordham, nje ya jiji la New York wa wakati huo. Pesa za kuni hazikuwepo. Mgeni aliyewatembelea alisimulia kwamba mgonjwa alifunikwa koti la mumewe, na juu ya kifua chake amelala Catterina, akimpa joto. Virginia alifariki Januari 1847. Nyumbani kwa Poe, basi, paka alifanya kazi ya blanketi, wakati katika hadithi yake alifanya kazi ya laana.

Zaidi ya karne moja baada ya Poe, paka katika upelelezi akapanda cheo kidogo. Katika A Murder Is Announced ya Agatha Christie, iliyotoka 1950, paka wa nyumbani kwa kasisi anamwaga maji juu ya waya wa taa uliochakaa. Taa inazima. Bibi Marple, ajuza anayetatua kesi huku akifuma sweta, papo hapo anaelewa jinsi taa zilivyozimika usiku wa mauaji. Hapa paka hateswi. Lakini bado ni bahati tu, angeweza kuwa mtoto mtundu au upepo.

Braun ndiye aliyempa paka kazi. Mwaka 1966, akiwa na umri wa miaka 53, alitoa riwaya yake ya kwanza, The Cat Who Could Read Backwards, yaani paka aliyeweza kusoma kinyumenyume. Mhusika mkuu ni Jim Qwilleran, mwanahabari wa uhalifu aliyewahi kuvuma, akaangushwa na pombe, na sasa anaanza upya kwa kupewa kurasa za sanaa, kitu asichokijua kabisa. Umeona alichokifanya Braun? Alimchukua mwanamume wa stori za uhalifu akamketisha kwenye kurasa za pembeni, kisha akaonyesha kwamba uhalifu ulikuwa huko huko, kati ya wachoraji na wauza picha. Mwenye nyumba wa Qwilleran, mhakiki wa sanaa, anauawa, na Qwilleran anabaki na paka wake, Siamese aitwaye Koko. Katika kitabu cha pili, 1967, anaongezeka jike, Yum Yum.

Koko haongei. Hilo ndilo jambo la msingi. Anaangusha kitabu kutoka rafuni. Anakwaruza mahali fulani. Anatazama kitu kimoja kwa muda mrefu kupita kiasi. Qwilleran ana masharubu mazito yanayomsisimka akihisi uhalifu, Koko naye ana masharubu yake, na kati ya masharubu hayo mawili kesi inatatuliwa. Je, Koko anajua, au ni paka tu anayeangusha vitu kama paka wote? Braun hajibu. Na kwa kuwa paka hawezi kupanda kizimbani, binadamu analazimika kutafuta ushahidi wake mwenyewe. Anayeishi na paka anaijua hali hiyo. Ukiona paka wako anakodolea kona tupu macho saa nane usiku, utaamka uangalie, hata kama utajicheka asubuhi.

Kitabu cha tatu kikatoka 1968. Halafu kimya. Miaka 18.

Braun alieleza sababu yake bila kuficha: wachapishaji walitaka ngono na vurugu, si hadithi za vijipaka. Mswada wa nne ukabaki nyumbani. Akaendelea na kazi ya gazeti hadi alipostaafu.

Kimya chake hakikumaanisha kwamba wazo limekufa duniani. Mwaka 1978, huko Japani, Jiro Akagawa alianza mfululizo wa paka jike wa mabaka ya rangi tatu aitwaye Holmes, anayemsaidia mpelelezi wa polisi mwenye woga wa damu. Ndiyo, polisi anayeogopa damu. Vitabu hivyo viliendelea kutoka kwa miongo kadhaa. Kwa hivyo wasomaji walikuwepo.

Mwaka 1986 mswada uliokataliwa ukatoka: The Cat Who Saw Red. Mwandishi alikuwa amevuka miaka 70. Mume wake wa pili, Earl Bettinger, ndiye aliyemhimiza autoe tena. Safari hii mlango ulifunguka, na haukufungwa tena. Vitabu vikafuatana, mara nyingine zaidi ya kimoja kwa mwaka, hadi 2007, alipotoa riwaya ya 29 na ya mwisho. Alifariki 2011 akiwa na miaka 97.

Nyuma yake wengine wakaingia. Mwaka 1990 Rita Mae Brown, aliyejulikana tangu 1973 kwa riwaya ya Rubyfruit Jungle, alitoa Wish You Were Here, akaandika jaladani kwamba mwandishi mwenza ni paka wake, Sneaky Pie Brown. Humo wanyama wanazungumza wao kwa wao na kuijua kweli yote, lakini binadamu hawawasikii. Toka paka aliyezikwa ukutani hadi paka anayetia jina jaladani ni miaka 147.

Si kwamba aina hii haina kasoro. Baada ya vitabu vichache, Qwilleran anarithi utajiri mkubwa na kuhamia Moose County, kaunti ya kubuni kaskazini kabisa, ambako hakuna shida ya kodi ya nyumba na kila mtu anamjua mwenzake. Kwa mji mdogo hivyo, idadi ya mauaji inatisha. Vitabu vya mwishoni vina karamu nyingi kuliko upelelezi. Na ukisoma ukiwa na bili ya stima mkononi, tajiri anayepika samaki wa bei kwa ajili ya paka wawili anaweza kukuudhi.

Lakini wanaosema hizi ni hadithi za kukwepa dunia wamesoma jalada tu. Wazo lililozianzisha ni kali: kwamba kifo kidogo nacho kinastahili uchunguzi. Upelelezi wa mitaani, wenye bunduki na magari yanayokimbizana, huuliza nani ameua mtu mkubwa. Upelelezi mtulivu huuliza nani amefanya ubaya hapa nyumbani, kati yetu, kwa watu tunaowasalimia ngazini. Hilo swali la pili ndilo gumu zaidi. Jambazi usiyemjua unaweza kumkimbia, lakini jirani mtakutana kesho mkichota maji.

Kiswahili hakikosi mpelelezi mtulivu. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, aliyewajia wasomaji wa Zanzibar katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, ana kiko chake kama Sherlock Holmes na anatatua mambo kwa kufikiri, si kwa ngumi. Methali nayo tunayo: paka wa nyumba haingwa. Kuinga ni kufukuza, kama ndege wanavyoingwa shambani. Akishakuwa wa nyumba, ana haki ya nyumba. Nikiwaona paka wa Lamu wamelala barazani huku wazee wakizungumza ya watu, nafikiri: hawa wamesikia kesi ngapi?

Mwaka 1988, mafanikio yalipokuwa yamekuja, Braun alikusanya hadithi zake fupi katika The Cat Who Had 14 Tales. Madame Phloi yumo. Angeweza kumwacha nje, maana wasomaji wapya walikuwa wamezoea Koko na mambo laini. Hakumwacha. Kwa hiyo ukitaka kumsoma Braun, usianze na riwaya ya kwanza. Anza na hiyo hadithi ya dirisha. Ni fupi, inaisha kabla chai yako haijapoa, na haina utulivu wowote.