Wanyama Wasiokuwamo Tena katika Bustani ya London

Katika Kitabu cha Mwanzo twasoma habari za Adamu, aliyepewa kazi ya kuwapa wanyama majina, na habari za Nuhu, aliyeamriwa kuwaingiza safinani. Kazi hizo mbili si moja. Mwenye kuwapa wanyama majina hana budi kuwatazama ajue walivyo. Mwenye kuwaingiza safinani hana budi kuwahesabu, maana asipohesabu atawaacha wengine nje. Leo twataka kueleza habari za bustani moja ya wanyama iliyo katika mji wa London, ambayo kazi ya Adamu iliifanya vizuri tangu mwanzo, lakini kazi ya Nuhu ilijifunza kwa kuchelewa. Wala hatutawaeleza wanyama waliomo. Twataka kuwaeleza wale wasiokuwamo tena, na sababu ya kutokuwamo kwao, kwa kuwa tundu tupu nalo lina mafundisho yake.

Desturi ya kufuga wanyama wa mbali mjini London ni ya zamani sana. Mwaka 1252 mfalme wa Norway alimpelekea Mfalme Henry wa Tatu dubu mweupe, mnyama wa nchi za barafu, naye alifungwa kamba ndefu apate kuvua samaki katika mto Thames. Mwaka 1255 Mfalme Louis wa Tisa wa Ufaransa alimpelekea tembo, naye hakuishi miaka mingi. Wanyama hao walikaa katika ngome iitwayo Mnara wa London, nao walikuwa kama vito vya taji: kazi yao ilikuwa kuonyesha ukuu wa mwenye nao.

Baadaye watu wenye elimu waliona kwamba fahari peke yake haitoshi. Mwaka 1826 waliunda chama cha elimu ya wanyama, na mwaka 1828 wakafungua bustani yao mahali paitwapo Regent's Park. Kwanza waliingia wanachama na wageni wao tu. Mwaka 1847 watu wote wakaruhusiwa kuingia kwa kulipa. Tangu siku hiyo mnyama mgeni akawa na thamani mbili, thamani ya elimu na thamani ya fedha, na mara nyingi ya pili iliishinda ya kwanza.

Mwaka 1850 aliletwa kiboko aitwaye Obaysch, jina la kisiwa cha mto Nile Mweupe alikokamatwa akiwa mtoto. Abbas Pasha, mtawala wa Misri, alimtoa ili apewe mbwa wa kuwindia. Waingereza wa siku zile hawakupata kumwona kiboko hai nchini mwao, na siku nyingine watu 10,000 walifika kumtazama. Msomaji aliyekesha shambani akilinda mpunga wake usiliwe na viboko atacheka kusikia kwamba watu walilipa fedha kumtazama kiboko akilala usingizi. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Obaysch alikufa mwaka 1878.

Mwaka 1865 alifika tembo aitwaye Jumbo, aliyetolewa Paris. Alizaliwa Afrika, akakamatwa angali mdogo sana. Katika bustani ya London alikua hata akawa mkubwa ajabu, na watoto elfu kwa elfu walipanda mgongoni mwake. Lakini mwaka 1882 bustani ilimwuza kwa Mmarekani P. T. Barnum, mwenye sarakasi, kwa pauni 2,000, kwa kuwa tembo dume akikomaa huwa mkali, nao waliogopa asije akaua mtu. Watu wa London walilia na kulalamika, watoto wakaandika barua wakiomba asiuzwe, wala haikufaa kitu. Mwaka 1885 Jumbo aligongwa na gari moshi nchini Kanada, akafa.

Basi leo mtu akiingia katika bustani ile hatamwona tembo, wala kiboko mkubwa wa namna ya Obaysch, wala faru, wala dubu mweupe, wala panda. Wapo na wengine ambao hatawaona kule, wala hatawaona mahali pengine po pote duniani. Wote hawakutoka kwa mlango mmoja. Sisi twaona milango mitatu.

Mlango wa kwanza ni kifo cha kabila zima la mnyama. Kule Afrika ya Kusini palikuwa na mnyama aitwaye kwaga. Kichwani na shingoni alikuwa na milia kama punda milia. Kiunoni milia ilififia, na nyuma alikuwa wa rangi ya udongo, na miguu yake myeupe. Makundi yake yalikuwa makubwa. Wakulima waliotoka Ulaya waliwapiga risasi ili majani yabaki kwa kondoo wao. Nyama waliwapa watumishi, na ngozi walishona magunia. Bustani ya London ilinunua kwaga jike mwaka 1851, naye akaishi humo hata mwaka 1872. Katika siku zake alipigwa picha chache, na picha hizo ndizo pekee duniani za kwaga aliye hai. Alipokufa, bustani ilimpoteza mnyama mmoja katika hesabu yake. Hapakuwa na kilio. Miaka michache baadaye wa mwisho wa porini walikwisha, na tarehe 12 Agosti 1883 akafa kwaga wa mwisho katika bustani ya Amsterdam. Siku ile hakuna aliyetambua kwamba ndiye wa mwisho.

Iliwezekanaje watu wasitambue? Sababu moja ni jina. Watu wa nchi ile walilitumia neno kwaga kwa punda milia wote. Mtu akiuliza, "Je, kwaga wapo?" alijibiwa, "Wapo tele," na aliyejibu alikuwa amewaona punda milia wengine. Hivyo jina lilibaki na mwenye jina alikwisha. Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari," na kwaga ni ushahidi wa neno hilo. Mwaka 1984 wataalamu walichunguza ngozi ya kwaga iliyohifadhiwa katika makumbusho ya Ujerumani, wakagundua kwamba alikuwa ndugu wa karibu wa punda milia wa mbuga zetu. Basi aliyekwisha si mgeni kwetu. Ni wa ukoo tunaoufahamu.

Wa pili aliyetoka kwa mlango huo ni mnyama wa kisiwa cha Tasmania, kusini ya Australia. Umbo lake lilikuwa kama la mbwa, mgongo wake una milia, na jike alikuwa na mfuko wa kubebea watoto kama kangaruu. Wafugaji walisema kwamba anamaliza kondoo wao. Kwa hiyo tangu mwaka 1888 hata mwaka 1909 serikali ya kisiwa ilitoa pauni moja kwa kila mkubwa aliyeuawa, na zawadi zilizolipwa zilipita 2,000. Angalieni: hapa daftari lilikuwapo, lakini lilikuwa daftari la waliokufa; waliobaki hawakuandikwa. Bustani ya London ilikuwa na wanyama hao tangu mwaka 1850, na wa mwisho wake alikufa mwaka 1931. Katika Julai 1936 serikali ya Tasmania ilitoa amri wasiuawe tena. Tarehe 7 Septemba mwaka huo huo, kabla ya miezi miwili kutimia, akafa wa mwisho aliyejulikana, katika bustani ya mji wa Hobart. Amri ilikuwa njema, ila ilifika wakati hapakuwa na wa kuihitaji.

Mlango wa pili ni mlango wa mahali. Bustani ya Regent's Park ni ya eka 36 tu, na mji umeizunguka pande zote. Mwaka 1931 chama kile kilifungua mahali pengine, Whipsnade, penye eka 600 za majani na vilima. Tangu hapo swali likazidi kuulizwa: je, ni haki mnyama mkubwa akae mjini kwa sababu tu watu wa mjini wapenda kumwona?

Jibu lilichelewa. Katika Novemba 1949 alizaliwa katika bustani ya London mtoto wa dubu mweupe aitwaye Brumas, wa kwanza kulelewa akakua katika Uingereza. Mwaka 1950 watu wapatao milioni tatu waliingia bustanini, na wengi walikuja kwa ajili yake. Dubu hao walikaa juu ya vilima vilivyojengwa kwa saruji. Kwao dubu mweupe hutembea mwendo wa siku nyingi juu ya barafu. Saruji haina mwendo. Katika miaka ya 1980 bustani iliacha kuwaweka. Panda nao, walioanza kuletwa kutoka Uchina mwaka 1938, hawakuzaa London, na wa mwisho aliondoka mwaka 1994.

Kwa tembo somo lilikuwa chungu zaidi. Mwaka 1965 walijengewa nyumba mpya, wao na vifaru, nyumba iliyosifiwa sana na wajenzi. Lakini tembo hakai ndani ya sifa za wajenzi. Katika Oktoba 2001 tembo mmoja alimwua mtunzaji wake, na kabla ya mwaka huo kwisha tembo wote watatu waliokuwamo walipelekwa Whipsnade. Hivyo tembo, aliyekuwa fahari ya bustani ile kwa miaka mingi, akatoka mjini. Huko Whipsnade wana nafasi ya kutembea, na watoto wamezaliwa. Tundu tupu la namna hii si la aibu. Ni kama mtu aliyekiri kwamba nyumba yake ni ndogo, akampeleka mgeni kwa ndugu yake mwenye nyumba kubwa.

Mlango wa tatu ni mwembamba, na wachache wameupita: ni mlango wa kurudi kwao. Katika jangwa la Uarabuni waliishi choroa weupe wenye pembe ndefu zilizonyoka. Watu walipopata magari na bunduki za kisasa waliwafukuza hata wakawa karibu kwisha. Safari hii wenye elimu waliwahesabu mapema kidogo. Mwaka 1962 walikamatwa wachache ili wahifadhiwe, wakapelekwa Phoenix, katika nchi ya Marekani, mahali penye jua na ukavu kama kwao. Bustani ya London ilikuwa na choroa jike. Mwaka 1963 ikamtoa aungane nao. Pamoja na waliotolewa na watawala wa Kuwait na Saudi Arabia walipata kundi la tisa tu. Mwaka 1972 wa mwisho wa porini waliuawa. Lakini lile kundi dogo lilizaa, na mwaka 1982 choroa walifunguliwa tena jangwani katika nchi ya Oman, ambako watu wengi wa pwani yetu wana ndugu zao.

Bustani iliyomtoa mnyama wake mmoja ilipata faida kubwa kuliko ile iliyomwuza Jumbo kwa pauni 2,000. Hata hivyo habari haikuishia kwenye furaha. Wale wa Oman waliongezeka hata wakapita 400, kisha katika miaka ya 1990 wezi walianza kuwakamata na kuwauza, wakapungua sana tena. Mwaka 2007 mahali pale paliondolewa katika orodha ya urithi wa dunia. Nuhu hakuhesabu wanyama mara moja akalala. Alikaa nao mpaka maji yalipokauka.

Sisi tusomao habari hizi tusizione kuwa ni za Wazungu na matundu yao. Kwa kila mnyama wa porini kwetu husemwa neno lile lile lililosemwa kwa kwaga: "Wapo tele." Mwaka 1970 faru weusi wa Kenya walikadiriwa kuwa 20,000, mwishoni mwa miaka ya 1980 hawakuzidi 400. Waliokuwa wakisema wapo tele walikuwa wakiisema idadi ya baba zao. Walipoanza kulindwa kwa hesabu, faru wengi walitiwa alama masikioni, kama wafugaji watiavyo ng'ombe wao, hata mlinzi akimwona mmoja amtambue ni nani na mtoto wa nani. Kufika mwaka 2022 walikuwa wamepita 900. Hapo kazi ya Adamu na kazi ya Nuhu zimefanywa pamoja: kila mmoja ana jina, na kila mmoja yumo katika hesabu.

Kwa hiyo twawaomba walimu wenzetu wawape wanafunzi wao kazi hii, isiyohitaji fedha. Waende kwa wazee wa kijiji, waulize ni wanyama gani na ndege gani waliokuwa wakionekana karibu na kijiji zamani, na ni wapi waonekanapo leo. Majina waandike katika daftari moja, na mbele ya kila jina waandike mwaka aliopata kuonekana mara ya mwisho, na mahali. Daftari hilo litunzwe shuleni, na kila mwaka lisomwe na kuongezwa. Majina mengine huenda wazee wakawa wanayataja na watoto hawajui mnyama mwenyewe. Hayo ndiyo yatazamwe kwanza.