Mfano wa Mtepe
Mtepe, chombo cha baharini cha mbao, ulisafiri pwani ya Waswahili hadi mwanzoni mwa karne ya 20, ukivutwa na tanga la mraba la mkeka. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi, kwa hiyo mfano uliogongwa misumari si mtepe hata ukipendeza vipi.

Fundi wa mfano hulaza mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, kisha hupandisha mbao za ubavuni. Mataruma, yaani mbavu za ndani, hufuata umbo likishapatikana. Msasa hupigwa kabla ya kushona, maana baadaye utakata uzi. Matundu ya kushonea huzibwa, na mwili hupakwa mafuta mepesi ili mishono ionekane. Majahazi halisi ya pwani hupakwa sifa, yaani mafuta ya papa, na chini ya maji deheni ya chokaa na shahamu.