Gazeti la The Graphic na Bonde la Mkata

Gazeti la picha lililoitwa The Graphic lilitoka London mara ya kwanza tarehe 4 Desemba 1869. Mwanzilishi wake, William Luson Thomas, alikuwa mchongaji wa picha, na nia yake ilikuwa kushindana na The Illustrated London News, lililotangulia tangu mwaka 1842. Lilitoka kila wiki, likasifiwa hasa kwa picha za maisha ya maskini, ambazo Vincent van Gogh alizikusanya kwa bidii.

Yafaa ijulikane jinsi picha hizo zilivyofanyizwa. Msafiri alileta mchoro wa haraka, au maelezo matupu. Mchoraji wa London akayatia umbo. Kisha mchongaji akalikata umbo hilo katika ubao wa mti mgumu. Picha kubwa iligawanywa vipande, wachongaji kadha wakaichonga kwa pamoja ili iwahi siku ya kuchapwa. Hivyo ilipita mikono mingi, na aghalabu mmoja tu ndio wa mtu aliyeiona nchi yenyewe.

Hatari ya jambo hili yaonekana katika bonde la Mkata, kati ya Kilosa na Mikumi. Henry Morton Stanley, aliyetumwa na gazeti la New York Herald kumtafuta Livingstone, alilivuka mwaka 1871 wakati wa masika. Alikuta maji na matope; punda wake wakafa. Kwa maelezo yake wasomaji wa ng'ambo wakaijua Mkata kuwa nchi ya kinamasi na homa. Stanley alishuka tena kutoka Mpwapwa mwezi wa Novemba 1889, pamoja na Emin Pasha, akafika Bagamoyo tarehe 4 Desemba, siku ile ile The Graphic lilipotimiza miaka 20. Aprili 1890 gazeti hilo lilitoa toleo maalumu juu ya safari yake.

Lakini Novemba si masika. Bonde lile lile, mvua zikikatika, huwa nyasi kavu na udongo uliopasuka. Mkulima wa Kilosa huijua nchi kwa majira yake yote. Picha huijua kwa siku moja, na msomaji wa mbali huidhania siku hiyo kuwa ndiyo nchi.

Kamera ilichukua nafasi ya patasi, Thomas akafariki mwaka 1900, na gazeti likakoma mwaka 1932. Ila tabia ya kuchagua haikukoma. Tangu mwaka 1964 sehemu ya Mkata imo katika Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, na picha zake nyingi huonyesha tembo na twiga pasipo mtu, kana kwamba wapagazi hawakupita hapo na mizigo vichwani.

Picha za The Graphic zingali zikichapwa katika vitabu vya historia. Mwanafunzi asizitupe, ni ushahidi. Ila ushahidi huhojiwa: nani aliona, katika majira gani, na nani aliyekuwapo asichorwe.