Fidia kwa Wafanyakazi (Tanzania Bara)

Fidia kwa wafanyakazi ni utaratibu wa kisheria wa kumhudumia mfanyakazi aliyeumia au kuugua kutokana na kazi, na wategemezi wake iwapo atafariki. Tanzania Bara, utaratibu huu unasimamiwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi Julai 2015. Kabla ya hapo, majeruhi alidai haki yake chini ya sheria iliyorithiwa kutoka enzi za ukoloni, ambayo viwango vyake vilikwishapitwa na wakati.

Michango. Anayechangia ni mwajiri peke yake. Mshahara wa mfanyakazi haukatwi. Sekta binafsi ilianza na asilimia 1 ya mishahara, na tangu Julai 2022 inachangia asilimia 0.5, sawa na sekta ya umma.

Mafao. Mfuko hugharamia matibabu, utengamao, posho ya msaidizi, msaada wa mazishi na pensheni ya wategemezi. Mwenye ulemavu wa muda hulipwa asilimia 70 ya mshahara, kwa muda usiozidi miezi 24. Ulemavu wa kudumu hupimwa na daktari kwa asilimia: usiozidi 30 hulipwa kwa mkupuo, unaozidi hapo hulipwa pensheni ya kila mwezi.

Taarifa. Mwajiri anatakiwa kutoa taarifa ya ajali ndani ya siku 7 tangu aijue. Ajali isiporipotiwa ndani ya miezi 12, haki ya fidia inaweza kupotea. Kwa hiyo hata jeraha linaloonekana dogo liandikwe siku hiyohiyo, pamoja na saa, mahali na majina ya walioshuhudia.

Kurudi kazini. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha kazi majeruhi, azungumze naye na kutafuta njia ya kumbakiza, hasa kama aliumia akiwa kazini. Fundi wa kiwanda cha mbao aliyekatwa vidole na msumeno anaweza kupangiwa ukaguzi wa mbao, stoo au kuwafundisha vijana wapya. Ujuzi wake haukukatwa pamoja na vidole.

Fedha humsaidia majeruhi kuishi, lakini heshima yake hurudi anaporudi kazini. Mwajiri anayelipa michango yake na kisha kumfungia mlango mtu huyo ametimiza nusu tu ya wajibu wake.