Maneno ya Kiarabu katika msiba: Lusangi, Kasongo na Kabambare

Kusini mwa Maniema, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, pande za Lusangi, Kasongo na Kabambare, sehemu kubwa ya msamiati wa msiba ina asili ya Kiarabu, ingawa ulifika huko ukiwa tayari ndani ya Kiswahili. Ulisafiri na misafara ya pembe za ndovu na watumwa iliyotoka Unguja kupitia Tabora na Ujiji. Hamed bin Muhammad al-Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, aliweka makao Kasongo katika miaka ya 1870, na waungwana wake wakaeneza Uislamu pamoja na Kiswahili kilichokuja kuitwa Kingwana. Jeshi la Dola Huru la Kongo liliteka Kasongo Aprili 1893 na Kabambare Januari 1894. Ufalme wa wafanyabiashara ukaanguka, dini ikabaki.

Kwa Waislamu, maiti huoshwa, huvikwa sanda, husaliwa sala ya jeneza na kuzikwa bila kukawia, kwa ubavu wa kulia, uso ukielekea kibla. Maiti, sala, jeneza, kibla, kaburi: yote ni Kiarabu. Mjane hukaa eda miezi 4 na siku 10, au mpaka ajifungue akiwa na mimba. Mirathi hugawanywa baada ya madeni kulipwa na wasia kutekelezwa.

Lakini kufa, kulia, kuzika na matanga ni Kibantu. Kwa jumla, ibada na sheria ndizo zilizopewa majina ya kuazima, na watu wakaendelea kulia kwa maneno ya nyumbani. Neno msiba, ambalo ni la Kiarabu, ndilo lililovuka mpaka huo.

Baadhi ya maneno yamebadilika kwa namna ya kusisimua. Tanzia, ambayo kwa Kiarabu ni kumfariji mfiwa, kwa Kiswahili ni tangazo la kifo. Hitima, kisomo cha Kurani kwa ajili ya marehemu, imetoka mzizi mmoja na kuhitimu masomo. Marehemu, yaani aliyerehemewa, hutajwa hata na Wakristo wanaozungumza Kiswahili.

Arubaini, kisomo cha siku ya 40, haimo katika Kurani. Familia nyingi za Waswahili huishika kwa moyo wote. Baadhi ya masheikh huipinga, wakiiita bidaa, yaani jambo lililozushwa katika dini.